Ukurasa Uliosomwa na Simu

Mwaka mzima, kila Siwema alipofungua kitabu kwenye simu, sauti ya simu, isiyoweza kusoma kurasa zilizopigwa picha, ilimwambia neno moja tu: "Picha." Macho yake hayaoni, kwa hiyo mumewe ndiye aliyemsomea, na katika kila kitabu mke aliyepigwa alipiga magoti akaomba radhi.

Leo mume alipopeleka mpunga mashineni Ifakara, programu ya vitabu ilijisasisha. Simu ikausoma wote ukurasa ambao mumewe alimsomea jana. Mke wa kitabuni hakupiga magoti. Alimmwagia mumewe maji ya moto usoni.

Siwema alisikiliza mara mbili, ulimi ukipapasa pengo la jino alilong'olewa na ngumi ya mumewe Jumapili. Kisha akabandika sufuria.

"Tuliishia wapi?" mume aliuliza aliporudi.

"Pale anapoomba radhi." Maji yalikuwa yakitokota. "Sogea karibu, baba Jihan, unisomee."