Bibi Kigoda Hasimami

Kwa mara ya tatu mwaka huo, Bibi Kigoda alikataa kusimama.

Karani wa kanisa alimwona tangu kule mbele. Watu walikuwa wamesimama, macho wameyafumba kama ilivyo desturi yao, na kwenye benchi la nyuma mama yake mzazi alikuwa amekaa, fimbo katikati ya magoti. Binti yake karani alikuwa ameinama kando ya bibi yake, kamshika mkono, bila shaka akimsihi. Karani akafunika kalamu. Mmoja anatosha. Akikaa mtu mmoja tu, jambo limelala, na hakuna ruhusa ya kumuuliza sababu.

"Tukae," alisema kwa sauti ya mtu aliyebeba mzigo tangu asubuhi. "Jambo limelala."

Mabenchi yakalia. Mtu mmoja aliguna, akajifanya anakohoa.

Jambo lenyewe lilikuwa ndoa ya binti huyo na mwalimu mmoja Mkatoliki.

Zamani lisingefika hata mlangoni. Waasisi wa kanisa hili dogo walitoka kwa Wakatoliki kwa hasira, wakaapa kwamba kwao hakutakuwa na padri, wala askofu, wala mtu wa kupigiwa magoti. Wote ndugu, mabenchi yote kimo kimoja. Karani mwenyewe utotoni alifundishwa kuvuka barabara akimwona padri, naye alivuka mbio, kanzu nyeupe ikimtisha kuliko mbwa. Kisha upepo ukaezua paa lao, na Wakatoliki, bila hata kuombwa, wakawapa ukumbi wao kwa miezi minne. Na jamani, ni kazi ngumu kumchukia mtu huku unatumia choo chake.

Tangu hapo mambo yakalegea. Kwaya zikaazimana kinanda. Karani akapewa kiti chenye mikono, eti kwa ajili ya mgongo wake, na wengine wakaanza kumwita mheshimiwa. Aliwakataza wiki mbili tatu, halafu akachoka. Askofu alipotuma barua ya kuisifia ndoa hiyo kuwa daraja kati ya makanisa mawili, karani alimjibu, na chini ya sahihi yake akaandika "Kiongozi". Akalifuta neno. Akaliandika tena.

Mwalimu hakuwa na kasoro. Siku wazee wa pande zote mbili walipojazana sebuleni na kumwita binti wamsikie, alisimama mlangoni na sinia la chai mikononi, akasema, "Kama ninyi mmeridhika." Wote wakafurahi. Msichana ana adabu huyu.

Kikwazo kikabaki kimoja, tena kinalala nyumba moja na karani.

Alasiri hiyo karani alikaa barazani akigonga soli za viatu vya watu, maana ukarani wa kanisa haumlishi mtu. Mama yake alikuwa kwenye kiti chake, na binti, aliyekuwa muuguzi, alikuwa amepiga magoti akimkanda miguu.

"Mama, siulizi sababu," karani alisema.

"Usiulize."

"Siulizi. Nasema tu nimechoka. Watu wanasema mama wa karani ndiye wa mwisho mwenye chuki. Watoto wanakuita Bibi Kigoda."

"Nimesikia. Jina zuri. Kigoda hakigombani na mtu."

"Ulipougua, padri mwenyewe alikuletea dawa."

"Na nikanywa. Padri hana neno. Kijana mzuri yule, ila hajui kunyoosha shati."

"Sasa kama padri hana neno, kwa nini..." Karani akajiuma ulimi.

Mama yake aligeuza macho. Alimtazama mjukuu wake, ambaye aliendelea kukanda bila kuinua uso. Alimtazama kwa muda mrefu.

"Mwanangu, nina miaka themanini na tatu," alisema mwishowe. "Nimekaa vya kutosha. Jumapili ijayo lilete tena. Nitasimama."

Nyundo ilimponyoka karani. Alitaka kumkumbatia mama yake, akaona haya, akaiokota nyundo.

"Na wewe, mjukuu wangu," bibi akaongeza, "bibi yako kazeeka. Hatakuwepo siku zote. Jumapili kila mtu na miguu yake."

"Nimesikia, bibi."

Chozi lilimdondoka binti juu ya goti la kizee. Karani aliliona, akamshukuru Mungu moyoni. Furaha nayo ina machozi yake.

Jumapili kanisa lilijaa. Mwalimu na padri walisubiri nje barazani, maana wageni hawaingii kwenye maamuzi. Padri alikuwa amenyoosha shati.

Karani alilisoma jambo kwa mara ya nne. "Aliyeridhika, na asimame."

Macho yakafumbwa. Mabenchi yakalia. Karani alitazama moja kwa moja kule nyuma, akamwona mama yake akiinuka polepole, fimbo ikitetemeka, hakuna aliyemshika mkono. Aliinuka nusu, akatulia, akapumua, akamalizia. Karani alihisi uchovu wa mwaka mzima ukimtoka mabegani.

Akafunua kalamu. Mara zote tatu hakupata kuhesabu, kwa kuwa mmoja alitosha kumaliza kazi. Lakini jambo likipita, desturi inataka karani ahesabu kichwa kwa kichwa, aandike. Akaanza benchi la mbele, ncha ya kalamu ikienda na watu, safu baada ya safu, mpaka akafika nyuma kabisa.

Mama yake alikuwa amesimama wima, macho wazi, anamtazama. Kando yake, mikono mapajani, binti alikuwa amekaa.