Mdiria Mmoja kwa Wawili

Sheria ilimruhusu kila mtu kumwona kila aina ya ndege mara moja tu maishani; baada ya hapo miwani ya lazima ilimfunika ndege huyo kwa doa la kijivu. Siwatu alikuwa hajaitumia nafasi yake ya mdiria. Mumewe, Kibwana, alisema alimwona ujanani, na kwa miaka arobaini masimulizi yake yalimtosha Siwatu. Sasa Kibwana alianza kusahau, na mkewe akaazimia kumrudishia ndege wake.

Akampeleka Rufiji, kwenye kingo za mchanga ambamo mdiria huchimba kiota. Wakakaa hadi saa tatu asubuhi.

“Tulia, Baba Mwanne. Nitatazama mimi, kisha nikusimulie.”

“Masimulizi yako marefu, mke wangu. Samaki watazeeka.”

Ndege mdogo kuliko ngumi akatua kwenye matete. Siwatu alifungua kinywa, lakini Kibwana akamtangulia.

“Mgongo wa buluu! Na mdomo mwekundu, tazama!”

Siwatu akamgeukia. Miaka yote Kibwana alimsimulia mdomo mweusi. Miwani haikosei: kama haikumfunikia ndege huyu, basi Kibwana hakuwahi kumwona mdiria. Alikuwa akingoja wamwone pamoja.

“Mbona hukuniambia?”

“Nikuambie nini?”

Ndege akachupa majini. Alipoibuka, alikuwa doa la kijivu kwa wote wawili.

“Kile pale ni nini?” Kibwana akauliza.

Siwatu akamshika mkono, akaanza kumsimulia, na safari hii mdomo ulikuwa mwekundu.