Sanduku la Mama Felista

Barua kumi na nne zilikuwa zimekwama, na Heche alikuwa anamwomba Mungu kwa ajili ya moja tu.

Tangu programu ya barua pepe ya mgodi ipandishwe toleo siku ya Ijumaa, masanduku yote yalikuwa yamehamia salama, isipokuwa la Mama Felista, mkuu wa kitengo cha ardhi. Lake lilikataa kupokea, likakataa na kutuma. Kila Heche alipolijaribu, seva ilimjibu kwamba limefungwa. Vichwa vya barua aliviona, yaliyomo hayakusomeka. Kimoja kilisema: "Itiryo: nyumba mpya."

Mambo ya Itiryo aliyajua kuliko alivyopaswa. Fundi wa seva hana sanduku asiloweza kulifungua, na barua za wakubwa Heche alizipitia kila asubuhi kama gazeti la bure. Mwezi wa tatu alikuta ramani kwenye sanduku hilohilo la Mama Felista: mgodi unapanuka mpaka kijiji cha Itiryo. Basi naye akategesha, kama majirani wa mgodi wanavyojua kutegesha. Kwenye shamba la mjomba wake huko Itiryo akasimamisha vibanda tisa vya mabati, katikati akachomeka migomba, akakaa kungoja wapimaji waje na fidia. Mabati aliyanunua kwa kuuza ng'ombe wanane wa mahari ya dada yao Gati, ng'ombe waliokuwa wamewekwa ili mdogo wake Ryoba aolee.

"Kaka, wakwe wanakuja Jumamosi kuangalia ng'ombe," Ryoba alimwambia kwenye simu asubuhi hiyo. "Niwaonyeshe nini, mabati?"

"Waambie wako malishoni."

"Malisho gani hayo, miezi mitatu mnyama harudi?"

Heche akakata simu. Aliona aibu, na aibu ikamfanya azidi kuchapa kazi.

Saa nne Mama Felista alichungulia mlangoni, miwani ameipandisha kwenye paji la uso.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo litafunguka?"

"Napambana nalo, mama. Hata chai sijanywa."

"Naona. Sijawahi kukuona ukihangaikia sanduku la mtu hivi." Akacheka kidogo. "Ile barua ya Itiryo ikifika makao makuu tu, mambo yanakwenda."

"Kwani Itiryo kuna nini?"

"Si ndiyo wataamua wao," akasema, akaenda zake.

Heche alirudi kwenye mashine na bidii ya mchimbaji aliyeona mng'ao kwenye jiwe. Ilipokaribia saa sita akalipata kosa. Toleo la zamani lilikuwa limeacha nyuma faili dogo la kufuli, na toleo jipya likaliheshimu, likidhani kuna mtu bado yumo ndani ya sanduku. Akalifuta. Akaipanga upya orodha ya barua, akaiwasha seva, akabana pumzi.

Sanduku likafunguka. Barua zote kumi na nne zikaondoka kwa mpigo. Alivumilia mpaka makao makuu yakajibu kwamba zimepokelewa, ndipo akaifungua nakala ya ile ya Itiryo, kichwani tayari anawachagua ng'ombe wa Ryoba.

"Wakubwa wangu," Mama Felista aliandika, "Itiryo hatupanui. Ramani ile niliichora mwenyewe mwezi wa tatu, nikaiweka kwenye sanduku langu, nisimwonyeshe mtu. Leo kuna vibanda tisa. Picha nimeziambatanisha, pamoja na jina la mwenye navyo. Heche mwanangu, najua na hii unaisoma. Ukimaliza, njoo ofisini kwangu na funguo za chumba cha seva."