Karibu Sana!

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kuifunga tovuti yangu ya mafunzo ya ushonaji. Wanachama wapya wanaingia asubuhi, jioni hawapo. Nilichoka kumpigia mbuzi gitaa.

Simu ikaita.

"Mwalimu, nitoe kwenye tovuti yako."

"Mbona umejiunga juzi tu, dada?"

"Niliuliza kuhusu mkono wa gauni la mwanangu, nikajibiwa 'Karibu sana!' Nikauliza tena. 'Karibu sana!' Mtu gani huyo, ukibisha hodi anaitikia karibu, mlango hafungui?"

Jibu hilo nililitega lijitume lenyewe, mimi nipumzike.

"Sasa naukata huo mkono, liwalo na liwe."

Nikasikia mkasi ukifunguka.

"Usikate!" Nilishasimama, kiti kimeanguka. "Washa kamera."