Vijiko vya Mwalimu Zawena

Mwalimu Zawena alikuwa amechoshwa na vioo vya shule. Kama vioo vyote siku hizi, vilikuwa na akili zao: vilimnyooshea kila mtu sura, vikafuta chunusi, mabaka na makunyanzi, na hata ukivikunja havikubali kukuonyesha umepinda. Utafundishaje vioo vilivyopinda kwa vioo vya namna hiyo?

Basi akabeba vijiko vya pilau kutoka kabatini kwake, akawagawia darasa la sita.

Watoto wakaangua kicheko. Ndani ya kijiko nyuso zilikuwa kichwa chini. Mgongoni mwake pua zilivimba kama viazi mbatata. Mwalimu akawaeleza kwamba upande wa ndani hukusanya mwanga, ndiyo maana tochi ina kioo kama huo, na upande wa nje huonyesha eneo pana, kama kioo cha pikipiki.

"Mwalimu, changu kibovu," akasema Chausiku. "Kimeniwekea baka shavuni."

Kicheko kikakatika. Baka lile darasa zima lililijua tangu chekechea, ila kumwambia mtu kilicho usoni mwake ni kukosa adabu.

"Si kibovu, mwanangu," mwalimu akasema taratibu. "Baka ni lako. Kijiko hakijui kupamba."

Chausiku akageuza kijiko huku na huku, kisha akatabasamu. "Kumbe na mimi ninalo, kama la babu."

Mwalimu akacheka naye, moyo mweupe. Jioni, nyumbani kwake, aliviosha vijiko vile kwa kupapasa, macho kayaelekeza dirishani, asije akauona uso wake.