Ulimi wa Zambarau

Mwizi alikuwa amerudi. Evodia alipiga magoti katikati ya miche ya nyanya, akavikagua vikonyo vilivyobaki. Vilikatwa kwa kisu, taratibu, bila kuvunja hata tawi. Kama kawaida, zilizochukuliwa ni zile zilizoiva mpaka zikapasuka, ambazo hakuna mtu angezitia kwenye mchuzi. Zile nzuri za kula hazikuguswa.

Hizi hazikuwa nyanya za sokoni. Ndani na nje zilikuwa za rangi ya zambarau iliyokolea, karibu nyeusi. Evodia, mtoto wa hapohapo Mpui aliyesomea mbegu mpaka akaitwa daktari, alikuwa amezipandikizia jeni kutoka kwenye ua la bustani. Jeni hilo ndilo lililoleta rangi, na ndani ya rangi ndimo ilimokuwa faida yote: viambata vya kulinda moyo na mishipa ya damu. Baba yake, Yohanes, alianguka shambani kwa ugonjwa wa moyo kabla hajaota hata mvi. Tangu msiba ule, Evodia hakuwa na wazo lingine kichwani.

Lakini kibali cha majaribio kilikuwa na sharti gumu: tunda lisiliwe na mtu, mbegu isivuke uzio. Na wakaguzi walikuwa njiani kuja. Wakigundua kuna wizi, kitalu kingefungwa na kila mche kuchomwa moto.

Alimwita mlinzi wake, Malimi, mfugaji aliyehamia Mpui na ng'ombe wake kutoka Usukumani. Malimi alijibu huku amejiziba mdomo kwa kitambaa kwamba hakuona mtu. Jino lilikuwa likimsumbua, akasema, na huu upepo wa Ufipa ndio uliozidi kulichokoza.

Evodia hakutegemea jibu jingine. Mpui nzima ilikuwa imemkataa. Mwaka juzi, alipofungua kitalu, mama yake mzazi, Monika, alisimama kwenye mkutano wa kijiji akasema nyanya nyeusi ni nyanya iliyooza, hata kama imesomeshwa chuo kikuu. Watu walicheka mpaka mwenyekiti akaahirisha mkutano. Baadaye, mmoja baada ya mwingine, walianza kuzungushia bustani zao za bondeni ua wa mabua mrefu kupita kichwa, kana kwamba nyanya zake zingeziambukiza zao. Siku hizi akimsalimia mtu njiani, aliitikiwa kwa kichwa tu. Hata mama yake, akiamkiwa shikamoo, alijibu "mh" na kugeukia jiko.

Jambo moja lilimpa tumaini. Nyanya zile, alijua tangu alipozionja chuoni, zilitia ulimi rangi ambayo haikutoka kwa kusukutua wala kwa mswaki, na msimu wa zambarau zenyewe ulikuwa bado. Mwenye ulimi wa zambarau ndiye mwizi. Shida ilikuwa namna ya kuwaambia watu wazima watoe ndimi nje.

Jumamosi akaenda kwa paroko, Padre Flavian, akamkuta anakunywa chai.

"Tumsifu Yesu Kristo, Padre."

"Milele, amina," aliitikia Padre kutoka nyuma ya kikombe.

Evodia alimweleza yote, kisha akamkumbusha kwamba watu wa Mpui bado wanapokea komunyo kwa ulimi. Hakuna mwingine anayeona ndimi za kijiji kizima kwa asubuhi moja.

Padre hakukiondoa kikombe mdomoni.

"Unataka niwe askari altareni, binti yangu?"

Evodia alisema hataki mtu akamatwe. Alitaka tu kumwomba huyo mtu aache, kabla kazi aliyoianza kwa ajili ya baba yake haijateketezwa. Padre alimwangalia kwa huruma, akasema haahidi kutafuta chochote, ila macho hawezi kuyafumba.

Jumapili Evodia alikaa benchi la mbele. Kwaya iliimba midomo imebanwa, sauti zikatoka kama nyuki ndani ya mzinga. Kina mama walikuwa wamejitanda kanga mpaka puani. Roho ilimuuma: kumbe hata kumwimbia Mungu mbele yake hawataki.

Wakati wa komunyo hakuondoa macho kwa Padre. Watu walipita mmoja mmoja, wakafumbua midomo na kuifumba upesi. Malimi akapita. Mama yake akapita, na Evodia akajikuta amekamata benchi kwa mikono miwili. Uso wa Padre haukubadilika. Evodia mwenyewe alipanda wa mwisho, akapokea, na hapo tu ndipo alipoona nyusi za Padre zimeinuka kidogo. Alidhani anampa ishara.

Baada ya misa akamfuata sakristia. Padre alikuwa akivua kanzu, na alijifanya hajamwona mpaka alipokosa kitu kingine cha kukunja.

"Padre, niambie tu kama umeuona," alisema Evodia. "Hata usiponitajia jina."

"Umenituma vibaya, binti yangu," alisema Padre. "Ungeniambia nitafute ulimi mwekundu, ningekusaidia. Tangu nilipojitazama kwenye kioo asubuhi, nimeuona mmoja tu."

"Wa nani?"

"Wako."