Mtihani wa Chumba cha Betri

"Vua hiyo pete," alisema mzee. "Na saa. Chuma kikigusa nguzo zote mbili za betri, kidole kinaiva."

Karani alivua. Pete yenyewe haikuwa yake. Aliinunua kwa ajili ya binti wa mzee huyu huyu, akaivaa kidole cha mwisho isije ikapotea. Akaisukuma mfukoni mwa ovaroli ya kuazima na kutabasamu kwa adabu. Wenzake wakienda kuposa huulizwa ukoo wao. Yeye kapangiwa betri nne za sola.

Lakini alikuwa amejiandaa. Shangazi wa binti, aliyeishi mji mwingine, ndiye aliyemtafutia nyumba hii. Kwa simu alimsifia kwa kaka yake mpaka sifa zikamwishia: karani wa benki, mpole, hana makuu. Hilo la mwisho halikuwa kweli, maana ofisini alishatangaza kwamba kuanzia Jumatatu aitwe Bwana Harusi. Siku ikapangwa. Halafu binti mwenyewe akampigia.

"Baba hana haja na suti," alimwambia. "Anataka mwanamume anayejua kutunza betri. Njoo na ovaroli, pitia mlango wa nyuma. Na uje peke yako, hapendi misafara."

Karani alishakataliwa nyumba mbili, moja walimkatalia mlangoni. Safari hii hakutaka mchezo. Alisoma habari za betri wiki nzima, chooni, kitandani, hata kazini wateja wakiwa wamepanga foleni.

"Haya, anza," alisema mzee, sigara mdomoni. "Kila wiki naambiwa betri zimeangaliwa, betri zimeangaliwa, mimi nikiwa kazini. Leo nipo. Nataka nione kwa macho yangu."

Karani alikimbilia dirisha, akalifungua lote. "Betri zikichaji zinatoa gesi, baba. Cheche moja tu, tunaruka na bati."

Mzee aliitupa sigara nje kama imemng'ata.

Karani akazima umeme wa nyumba, akazima swichi ya paneli, akavaa miwani na glavu. Spana aliyopewa ilikuwa tupu, akaizungushia tepu mpaka shingoni. Akalegeza waya mweusi kwanza, ule wa hasi. Mzee alisimama nyuma yake, akimpumulia kisogoni.

Alipofungua vifuniko, akachanganyikiwa. Maji yalikuwa palepale panapotakiwa. Nguzo za betri ziling'aa, grisi mbichi, hakuna ukungu hata wa dawa. Alitafuta kosa la kurekebisha akalikosa. Mtihani gani huu usio na swali? Akapangusa kilichokwisha kupanguswa, akapaka grisi juu ya grisi.

"Huongezi maji?" aliuliza mzee. "Bomba lipo hapo nje."

Karani aliunusa mtego. "Maji ya bomba yanaua betri, baba. Ni yale yaliyosafishwa tu. Na haya yanatosha. Ukizidisha, yatafurika na tindikali."

"Binti yangu alikusifia, nikadhani ananitania."

Moyo wa karani ulipiga sarakasi. Alimpenda binti yule upya, hapo hapo, akiwa amepiga magoti.

"Mtoto huyu zamani hakujua hata swichi iko wapi," mzee aliendelea. "Siku hizi usimwambie kitu kuhusu betri. Nikirudi nakuta nyumba nzima inanukia manukato. Ananiambia ni ya kuondoa harufu ya tindikali."

Karani akacheka kwa heshima. Msichana msafi, alijiambia, nyumba yetu itang'aa.

Mara upande wa sebuleni vikapasuka vigelegele. Karani alishtuka nusura aangushe spana. Kumbe matokeo yanatangazwa kabla mtihani haujaisha!

"Malizia," alisema mzee, akikung'uta suruali. "Nakwenda mara moja."

Karani alirudisha waya, mwekundu kwanza, mweusi baadaye, kama alivyosoma. Akawasha swichi. Taa ikawaka, naye akawaka nayo. Akavua glavu, akajichana kwa vidole, akafanya mazoezi ya kusema "ahsante baba" bila sauti kukwama. Alikuwa amechoka kuishi peke yake, na aliyataka maisha haya, mzee huyu msumbufu na betri zake zote nne.

Mzee alirudi uso umechanua, akamkumbatia pamoja na grisi yake.

"Nimekubali!" alisema. "Binti kakubali, na mimi nimekubali. Imekwisha!"

Machozi yalimtoka karani. "Ahsante, baba. Sitakuangusha."

"Najua, fundi. Uendelee kuja kila wiki, hata akishaolewa. Sasa nawa mikono uje ule. Yule karani wa dada yangu amefika, wazee wake wamejaa sebuleni. Kijana mcheshi, na binti yangu hana hata haya, kamkalia ubavuni kama wanajuana miaka. Ila mikono yake, loo! Sijui huko benki wanashika kalamu au wanavunja kokoto."